Baada ya shambulio la kigaidi, taifa lianzie wapi kujiimarisha: sheria mpya, vikosi vipya, au kutekeleza lililokwisha kuamuliwa?

#1 Kalamu Tulivu

Wanajamvi, salaam.

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikisoma ripoti za tume zilizoundwa baada ya mashambulio makubwa ya kigaidi, na kila ninapofunga moja narudi kwenye swali lile lile. Taifa likishashambuliwa, hazipiti wiki nyingi kabla muswada mpya haujafika bungeni na chombo kipya hakijatangazwa. Ripoti huja baadaye, wakati mwingine baada ya miaka, na mara nyingi husema jambo jingine kabisa: taarifa ilikuwepo mezani kwa mtu, au uamuzi ulikwisha kupitishwa, na hakupatikana wa kuutekeleza.

Chukueni Norway. Tarehe 22 Julai 2011 mtu mmoja aliegesha gari lenye bomu mbele ya jengo la serikali mjini Oslo na kuua watu 8, kisha akaenda kisiwa cha Utøya akaua wengine 69, wengi wao vijana. Mtaa wa Grubbegata unaopita kwenye majengo yale ulikuwa umeamuliwa kufungwa kwa magari tangu 2004. Miaka saba baadaye ulikuwa bado wazi. Tume iliyoongozwa na Alexandra Bech Gjørv ilitoa ripoti Agosti 2012 na kusema bila kuficha kwamba shambulio la bomu lingeweza kuzuiwa iwapo hatua zilizokwisha kupitishwa zingetekelezwa.

Kinachoniuma zaidi ni ile karatasi. Dakika kumi hivi baada ya mlipuko, raia mmoja alipiga simu polisi akaeleza kwamba amemwona mtu mwenye mavazi kama ya askari, ameshika bastola, anaingia kwenye gari, na akataja namba ya gari hilo. Aliyepokea simu aliandika kila kitu na kuipeleka karatasi kwenye chumba cha operesheni. Karatasi ikakaa mezani kwa takriban dakika 20, wakati muuaji yuko kwenye msongamano wa magari jijini humo humo.

Hoja yangu ni kwamba, kabla ya kununua au kutunga chochote, taifa lililoshambuliwa lihesabu kwanza maamuzi yake lenyewe ambayo hayakutekelezwa. Naomba mnioneshe ninapokosea.

#2 Mzee wa Kumbukumbu

Hoja ni nzito, ndugu mleta uzi, lakini usiigeuze kuwa kanuni ya kila mahali. Kuna nyakati ambapo kinachohitajika kweli hakipo.

Septemba 1972, wakati wanamichezo wa Israeli walipotekwa kwenye Michezo ya Olimpiki mjini Munich, Ujerumani Magharibi haikuwa na kikosi cha kuokoa mateka. Waliopelekwa kwenye uwanja wa ndege wa Fürstenfeldbruck walikuwa polisi wa kawaida, walenga shabaha watano dhidi ya magaidi wanane, na hawakuwa na redio za kuwasiliana wao kwa wao. Waisraeli 11 waliuawa katika tukio zima. Mwezi huo huo serikali ilianzisha GSG 9, kikosi maalumu cha polisi cha kupambana na ugaidi. Miaka mitano baadaye, tarehe 18 Oktoba 1977, kikosi hicho kiliingia kwenye ndege ya Lufthansa iliyotekwa na kupelekwa Mogadishu, na mateka wote waliokuwemo wakatoka hai. Rubani mkuu alikuwa ameuawa kabla ya hapo. Hapo hapakuwa na faili lililosahauliwa kwenye kabati. Chombo hakikuwepo, kikaundwa, na kikafanya kazi.

#3 Lindo la Usiku

Nawashukuru kwa uzi huu. Mimi si msomaji wa ripoti, mimi ni mlinzi wa getini kwa mwaka wa tisa sasa, kwa hiyo naomba nieleze ninachokiona.

Kila kunapotokea shambulio mahali popote duniani, haipiti muda tunaletewa kifaa. Kwanza kilikuja kioo chenye mpini cha kukagulia chini ya gari, kisha kile kifaa cha mkononi kinacholia kikigusa chuma. Kinalia kwa funguo, kinalia kwa mkanda, kinalia kwa simu, na kwa sababu foleni ni ndefu na wenye haraka wanafoka, kinalia na mtu anapita. Chini ya gari ninaona chuma na tope. Sijawahi kuoneshwa, hata kwenye picha, kitu ambacho hakipaswi kuwepo pale kinafananaje.

Kuna usiku gari liliachwa karibu na ukuta wa jengo tangu saa nne. Nililizunguka mara tatu, sikumwona mtu. Maelekezo yangu yanasema nimjulishe mkuu wa zamu, nami nilimpigia mara tano bila kupokelewa. Nikaandika kwenye kitabu cha matukio: namba, rangi, saa, simu tano. Alfajiri mwenye gari akaja akaliondoa, lilikuwa limemharibikia tu. Ukurasa ule uko kitabuni mpaka leo, na sehemu ya sahihi ya mkuu wa zamu ni tupu.

#4 Sauti ya Ukumbi

Ndugu wa #3, ulichoeleza kimeandikwa karibu neno kwa neno katika uchunguzi wa Manchester. Tarehe 22 Mei 2017 mtu alijilipua kwenye mlango wa ukumbi wa muziki na kuua watu 22. Mzazi mmoja aliyekuwa akisubiri watoto alimtilia shaka yule mtu mwenye begi kubwa, akamfuata na kumuuliza, kisha akamweleza mfanyakazi wa ukumbi. Taarifa ikamfikia mlinzi mwenye umri wa miaka 18. Kijana yule alimtazama mtu huyo, akahisi si salama, lakini aliogopa kwamba akikosea ataitwa mbaguzi. Alijaribu kuita kwa redio, akakuta mawasiliano yamejaa, akaacha.

Uingereza imepitisha sheria Aprili 2025 inayotaka maeneo yanayoweza kukusanya watu 200 na zaidi yawe na utaratibu unaojulikana wa kutoa watu, kufunga milango na kutoa taarifa, na yale ya watu 800 na zaidi yafanye zaidi ya hapo. Sheria hiyo ilisukumwa kwa miaka mingi na mama wa mmoja wa waliouawa. Kwa hiyo, mleta uzi, hapa sheria mpya ilihitajika, maana hakuna mwenye ukumbi aliyekuwa amelazimishwa kufanya hivyo.

#5 Mkono wa Chuma

Ndugu zangu, mnaongea kana kwamba gaidi atasubiri tume imalize kazi. Taifa lililoshambuliwa linahitaji nguvu siku hiyo hiyo. Ufaransa ilitangaza hali ya hatari usiku ule ule wa tarehe 13 Novemba 2015, baada ya watu 130 kuuawa mjini Paris na Saint-Denis, na polisi wakapata uwezo wa kupekua nyumba bila kibali cha hakimu. Uingereza baada ya mabomu ya London ya 2005 wakaruhusu mtuhumiwa azuiliwe siku 90 bila mashtaka. Pakistan baada ya watoto kuuawa kwenye shule ya Peshawar mwaka 2014 waliunda mahakama za kijeshi. Raia anataka kuona dola inasimama.

#6 Sheria Kwanza

Mkono wa Chuma, jina lako limekutangulia, lakini siku 90 hazikupita. Serikali ya Tony Blair ilizipeleka bungeni Novemba 2005 ikashindwa kwa kura 322 dhidi ya 291. Kilichopatikana ni siku 28, na mwaka 2011 zikarudishwa kuwa 14. Haya ni mabunge ya nchi iliyokuwa imetoka kuzika watu 52, na bado yaliona kwamba polisi hawajathibitisha kwa nini wanahitaji miezi mitatu.

Kuhusu Ufaransa, hali ile ya hatari iliongezwa mara kadhaa mpaka ikamalizika tarehe 1 Novemba 2017, karibu miaka miwili. Ikiwa katikati yake, tarehe 14 Julai 2016, mtu aliingiza lori kwenye umati mjini Nice na kuua watu 86. Na ilipokwisha, sehemu ya madaraka yale ya muda iliingizwa kwenye sheria ya kawaida. Hilo ndilo linalonitia hofu kuliko lolote: madaraka ya dharura huingia mlangoni yakisema yamekuja kulala usiku mmoja, na asubuhi unakuta yamehamishia sanduku lote.

Indonesia inafaa kutazamwa. Baada ya mabomu ya Bali ya Oktoba 2002 yaliyoua watu 202, walitunga sheria na kuifanya ihukumu matendo ya nyuma. Mwaka 2004 Mahakama ya Katiba ilisema hilo ni kinyume cha katiba. Hata hivyo, polisi wao, kupitia kikosi cha Densus 88 kilichoundwa 2003, waliendelea kukamata na kupeleka watu mahakamani. Kuzuiwa na mahakama hakukuiua kazi.

#7 Mkono wa Chuma

Nashukuru kwa masahihisho ya siku 90, nilikosea. Lakini Nice haithibitishi unachotaka ithibitishe. Shambulio lililotokea linahesabika, na yale yaliyozimwa kwa sababu ya upekuzi hayana makaburi ya kuhesabia. Ukipima ulinzi kwa yaliyopenya peke yake, kila ulinzi utaonekana bure.

#8 Kalamu Tulivu

Hoja ya #7 ni ya haki na sina jibu kamili. Ninachoweza kusema ni kwamba serikali inayodai imezuia mashambulio inapaswa kuwa na chombo huru, hata kama kinakutana faraghani, kinachokagua madai hayo kwa niaba ya raia. Bila hivyo, hoja ya «yaliyozuiwa» inaweza kuhalalisha chochote.

#9 Mbawa

Nimefanya kazi upande wa mizigo kwenye viwanja vya ndege kwa miaka mingi, na naomba nitoe mfano wa huko, kwa sababu usafiri wa anga ndiyo sekta iliyojifunza kwa damu kuliko nyingine.

Mwaka 1985 ndege ya Air India namba 182 ililipuka juu ya bahari karibu na Ireland, watu 329 wakafa. Bomu lilikuwa ndani ya begi la abiria aliyepokelewa mzigo lakini hakupanda ndege. Tangu hapo ikafahamika kwamba mzigo usisafiri bila mwenyewe. Desemba 1988 ikaja Lockerbie, ndege ililipuka juu ya mji huo wa Scotland, watu 270 wakafa, 11 kati yao wakiwa chini majumbani mwao, na kwa mara nyingine bomu lilikuwa kwenye mzigo usio na abiria. Kanuni ilikuwepo. Hapo mleta uzi uko sahihi kabisa.

Lakini tazameni upande wa pili. Baada ya Septemba 11, 2001, milango ya vyumba vya marubani iliimarishwa ili mtu wa nje asiweze kuivunja. Ni hatua nzuri, na naamini imeokoa maisha. Tarehe 24 Machi 2015, kwenye ndege ya Germanwings, rubani msaidizi alisubiri nahodha atoke, akafunga mlango ule ule kwa ndani na kuiangusha ndege milimani kusini mwa Ufaransa. Watu 150 walikufa, huku nahodha akiugonga mlango uliotengenezwa mahususi usifunguke. Anayeimarisha ulinzi lazima ajiulize pia: nikimfungia adui nje, nimemfungia nani ndani?

#10 Muuguzi wa Zamu

Nimesoma yote na nimehuzunika kidogo, kwa sababu mpaka hapa mmezungumzia kuzuia tu. Mimi ninawapokea wale ambao hawakuzuiliwa.

Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998, watu 213 waliuawa kwenye shambulio la ubalozi wa Marekani. Kabla ya bomu kubwa palikuwa na milio na mlipuko mdogo, na watu wa majengo ya jirani wakafanya kile ambacho binadamu yeyote angefanya: walisogea madirishani kutazama. Mlipuko mkubwa ukawakuta uso kwa uso na vioo, na wengi walipoteza macho. Mjini Tokyo, Machi 1995, gesi ya sarin ilipotupwa kwenye treni za chini ya ardhi, hospitali moja ilipokea wagonjwa zaidi ya 600 siku hiyo, na wahudumu wake wakaanza kuugua kwa mvuke uliotoka kwenye nguo za wagonjwa. Kumfundisha raia asikimbilie dirishani, na muuguzi amvue mgonjwa nguo nje kabla ya kumwingiza wodini, kunagharimu kiasi gani kulinganisha na gari la deraya?

Nami nina kisa changu. Hospitali niliyokuwa nikifanya kazi, ambayo sitaitaja, ilifanya zoezi la kupokea majeruhi wengi. Wanafunzi walipakwa rangi nyekundu wakalazwa uani. Tulijipanga vizuri, kila mtu na kizibao chake, mpaka tulipohitaji bendeji za kukaza mguu unaovuja damu. Zilikuwepo, zimenunuliwa kwa ajili hiyo hiyo, kwenye stoo yenye kufuli. Mtunza stoo alikuwa ametoka kazini saa kumi, na funguo alikuwa nazo nyumbani. Tulizisubiri kwa dakika 50. Mtu anayevuja damu kwenye mshipa mkubwa wa paja hana hata dakika tano.

Ndugu wa #4 ametaja Manchester. Aongeze kwamba zimamoto walifika zaidi ya saa mbili baada ya mlipuko.

#11 Sauti ya Ukumbi

Ni kweli, dada, na uchunguzi ulikwenda mbali zaidi: ulisema kwamba mmoja wa waliofariki pengine angepona kama huduma ingemfikia mapema. Nilipaswa kulitaja.

#12 Mzee wa Kumbukumbu

Kwa kuwa Nairobi imetajwa, nimpe mleta uzi silaha nyingine. Mwaka 1985, kufuatia milipuko ya Beirut, jopo lililoongozwa na Amerali Bobby Inman lilipendekeza balozi za Marekani zijengwe umbali wa kama mita 30 kutoka barabarani. Ubalozi wa Nairobi ulikuwa kwenye kona ya barabara zenye msongamano, na Balozi Prudence Bushnell alikuwa ameomba jengo jingine kabla ya shambulio. Alijibiwa kwamba fedha hazitoshi. Katika miji yote miwili, Nairobi na Dar es Salaam, waliokufa siku ile walikuwa 224, na walio wengi walikuwa Waafrika waliokuwa kwenye shughuli zao.

#13 Hesabu na Fedha

Naona hamjagusa mfuko wa gaidi. Tume ya Marekani ya Septemba 11 ilikadiria kwamba maandalizi yote ya shambulio lile yaligharimu kati ya dola 400,000 na 500,000. Ndiyo maana Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, tarehe 28 Septemba 2001, lilipitisha azimio namba 1373 linalozitaka nchi zote zizuie fedha za ugaidi na kufungia mali zake.

Hata hivyo, mashambulio mengi ya karibuni ni ya bei ndogo, lori la kukodi au kisu, na benki haitaona kitu. Kwa hayo naamini zaidi katika kufuatilia vifaa. Baruti ya Madrid ya Machi 2004, iliyoua watu zaidi ya 190 kwenye treni nne, ilitoka kwenye mgodi huko Asturias. Yule wa Oslo aliandikisha shamba ili anunue mbolea bila kuulizwa. Ulaya baadaye iliweka kanuni za kudhibiti kemikali zinazoweza kutengenezewa mabomu na kumtaka muuzaji atoe taarifa ya manunuzi ya kutia shaka. Muuza mbolea naye ni mlinzi, iwapo ameelezwa atazame nini.

#14 Daraja

Muuza mbolea atatoa taarifa, mzazi atatoa taarifa, jirani atatoa taarifa, kwa sharti moja: aamini kwamba atasikilizwa na hatadhurika. Hili ndilo ninaloliona kuwa msingi wa yote yaliyotangulia.

Kenya, Aprili 2014, katika operesheni ya Usalama Watch, maelfu ya watu walikamatwa, wengi wao Wasomali wa Eastleigh, na wengi wakawekwa kwenye uwanja wa michezo wa Kasarani wahakikiwe. Mwaka uliofuata, Aprili 2015, wanafunzi wa Garissa waliuawa. Waliokufa kwenye shambulio lile walikuwa 148. Sisemi kwamba operesheni ilisababisha shambulio, nasema haikulizuia, na ilichoma daraja ambalo taarifa ingepitia.

Binamu yangu aliwahi kuchukuliwa kwenye foleni ya basi kwa sababu ya sura na jina lake, akakaa ndani siku tatu, akarudishwa bila maelezo. Alikuwa mtu wa kupiga simu polisi hata kwa taa ya barabarani iliyozimika. Sasa akiona jambo, anafunga dirisha.

#15 Mkono wa Chuma

Daraja, pole kwa binamu yako, na nasema kwa dhati. Lakini utapambana vipi na kundi linalojificha ndani ya jamii bila kuigusa jamii hiyo? Ukiogopa kabisa kuangalia mahali fulani, unapata yale ya kijana wa Manchester kwenye #4.

#16 Daraja

Umegusa penye ugumu wenyewe, na sitaukwepa. Kijana yule alihitaji kufundishwa kutazama tendo, yaani begi kubwa, kujificha kwenye kona isiyofikiwa na kamera, kukaa muda mrefu bila sababu. Akilijua tendo, hana haja ya kuogopa sura.

Kutazama sura kuna hatari ya pili, nayo ni kupofuka upande mwingine. Baada ya waumini 51 kuuawa misikitini Christchurch tarehe 15 Machi 2019, Tume ya Kifalme ya New Zealand ilikuta kwamba idara za usalama zilikuwa zimeelekeza nguvu kupita kiasi kwenye tishio la aina moja, ingawa haikusema kwamba kosa hilo ndilo lililofanya shambulio lisigundulike. Nchi hiyo pia ilibadili sheria ya bunduki ndani ya siku 26, kwa kura 119 dhidi ya moja. Kwa hiyo, Mkono wa Chuma, nakubali kwamba haraka si mbaya siku zote.

#17 Sheria Kwanza

Turudi kwenye karatasi ya mleta uzi. Marekani ilikuwa na karatasi yake. Mwanzoni mwa 2000 CIA, shirika lake la ujasusi, ilikuwa na majina ya wawili kati ya wale 19 walioteka ndege za Septemba 11 baadaye, na majina hayo hayakuingizwa kwenye orodha ya kuzuiliwa mpaka Agosti 2001, walipokwisha kuishi nchini muda mrefu. Jibu lilikuwa kuunganisha: mwaka 2003 mashirika 22 yaliwekwa chini ya wizara moja ya usalama wa ndani. Lakini idara ya maafa ilimezwa humo, na kimbunga Katrina kilipokuja Agosti 2005, wengi waliona kwamba nchi imeangalia ugaidi mpaka imesahau mafuriko. Kuunganisha ofisi hakuhakikishi kwamba ofisa mmoja atainua simu kumwambia mwenzake.

Na mahali ambapo simu iliinuliwa, kuna Sri Lanka. Tarehe 4 Aprili 2019 India iliwapa onyo kuhusu mashambulio yanayokuja. Tarehe 21, Jumapili ya Pasaka, makanisa na hoteli zililipuliwa na watu zaidi ya 260 wakafa. Siku 17, na viongozi wakuu wawili walikuwa hawaelewani kiasi kwamba taarifa za usalama hazikuwafikia wote. Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamuru rais wa wakati ule, Maithripala Sirisena, alipe waathirika fidia ya rupia milioni 100 kutoka mfukoni mwake. Kwa maoni yangu hukumu ile imeimarisha ulinzi kuliko kikosi chochote, kwa kuwa aliyepewa onyo sasa anajua kwamba kukaa nalo kuna gharama.

#18 Mzee wa Kumbukumbu

Au atajifunza kutoandika popote kwamba amepewa onyo. Nimetumikia ofisi kwa miaka 31, nimeona adhabu ikizaa ukimya. Marubani wanaruhusiwa kuripoti makosa yao bila kuadhibiwa, na ndiyo maana makosa yao yanajulikana. Mbawa atanisahihisha.

#19 Mbawa

Mzee, uko sahihi kwa kosa la bahati mbaya. Uzembe wa wazi hausamehewi hata kwetu. Mpaka kati ya hayo mawili ndiko tunakobishana kila mara.

#20 Sauti ya Ukumbi

Naomba Mumbai isisahaulike. Usiku wa tarehe 26 Novemba 2008 watu 10 walifika kwa bahari na kuua watu 166. Makomando wa taifa walikuwa karibu na Delhi, na walifika kwenye mapambano asubuhi iliyofuata. Televisheni zilionesha moja kwa moja walivyokuwa wakiteremka kwa kamba, huku waliowatuma magaidi wakiwaelekeza kwa simu. Baadaye vituo vya makomando vilifunguliwa Mumbai, Chennai, Kolkata na Hyderabad, na wavuvi wakapewa vitambulisho. Naona hapa Mzee wa #2 na mleta uzi wote wana haki: kikosi kilikuwepo, lakini mahali kilipowekwa ni sawa na kutokuwepo.

#21 Kalamu Tulivu

Nimejifunza mengi na hoja yangu ya mwanzo nimeilegeza kidogo. Bado nasema tuanze na yasiyotekelezwa, lakini Muuguzi amenionesha kwamba hata lililotekelezwa linaweza kufungiwa kufuli.

Nina swali kwa ndugu wa Lindo la Usiku. Ukiacha simu ya mkuu wa zamu, kuna namba nyingine uliyopewa ya kutoa taarifa za kutia shaka, na je, umewahi kuijaribu?

#22 Lindo la Usiku

Ipo. Imebandikwa ukutani ndani ya kibanda, juu ya ndoo ya mchanga, na jua limeifuta tarakimu ya mwisho. Niliuliza walinzi wa majengo manne ya jirani. Wawili hawakuwa nayo, mmoja alisema ni saba na mwingine akasema ni moja.

Jana usiku nilijaribu ya saba, akapokea mtu wa nyumbani aliyekuwa amelala, nikamwomba radhi. Nilipojaribu ya moja iliita muda mrefu, kisha akapokea ofisa. Nikajieleza kwamba mimi ni mlinzi, sina tukio, nahakikisha tu kwamba namba inafanya kazi na ninataka kujua nikiona jambo niseme nini. Alinisikiliza kwa heshima. Akasema mlinzi binafsi apitishe taarifa kwa mkuu wake wa zamu.

Nimeiandika ile tarakimu upya kwa kalamu ya wino mzito, na nimewapelekea majirani wanne. Simu ya jana nimeiingiza kwenye kitabu cha matukio, saa nane na dakika kumi.

#23 Muuguzi wa Zamu

Umefanya vyema, ndugu yangu. Ukiweza, muulize mkuu wako wa zamu leo, kwa maandishi, ni nani anayepokea asipopokea yeye. Tutasubiri utuletee jibu.